Utomvu na Lami Juu ya Rangi ya Gari: Jua Unachokitoa, Jua na Unachokiacha

Mpenzi msomaji, kama umewahi kukaa Ukunda, Diani, Gazi au Msambweni, unaijua desturi yetu. Jua likishapanda, kila mwenye gari hutafuta kivuli. Mwembe mmoja penye kituo utaukuta umefunika teksi tatu, tuktuk mbili, pikipiki chungu nzima na mkokoteni wa maji. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Lakini hawakutuambia kwamba kivuli nacho kina deni lake. Gari likishinda chini ya mwembe hutoka na vitone vinavyonata. Likipita barabara inayotiwa lami mpya hurudi na madoadoa meusi kuanzia nyuma ya matairi hadi milangoni.

Katika makala haya nitaeleza namna ya kutoa utomvu na lami bila kuharibu rangi ya gari. Pengine utauliza, somo hili linaingiaje katika jarida la Chama cha Kiswahili? Majibu ninayo mawili. Kwanza, kazi hii ina msamiati wake ambao wengi wetu tunauchanganya, na ukichanganya majina utachanganya na dawa. Pili, vijana wengi wa huku kwetu hufanya kazi ya kuosha magari wakati wa likizo ili wapate karo na vitabu. Mimi mmoja wao. Nami nililipa ada ya ujinga, kwa hiyo naomba wewe usiilipe tena.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa likizo ya Agosti. Mimi na binamu yangu tulikuwa tukiosha magari kando ya barabara pale Ukunda, kila mmoja na ndoo yake. Siku moja akaja mzee mmoja mwenye teksi ya buluu iliyoiva, gari safi kabisa, ila upande wa kushoto ulikuwa umerukiwa na lami.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, hii lami unaiweza?"

"Naiweza mzee, hiyo kazi ndogo!"

Kumbe sikuwa naiweza. Nilichukua petroli kidogo katika kopo, nikachukua na ule waya wa kusugulia sufuria, nikaanza kazi saa saba mchana, bati linachoma mkono. Lami ilitoka kweli, tena haraka. Nikajisifu moyoni. Nilipomwaga maji ili niutazame mlango, niliona umejaa mikwaruzo ya duara, mmoja juu ya mwingine, na ule mng'ao umekufa kabisa.

Mzee hakunipigia kelele. Alipitisha kidole mlangoni, akaniuliza pole pole, "Kijana, hii lami ingekaa hapa mwaka mzima, ingenidhuru kama ulivyonidhuru wewe?" Sikuwa na jibu. Fundi aliyeupiga mlango ule rangi upya alilipwa kwa pesa zangu zote za likizo, pesa nilizokuwa nimeziweka za vitabu vya kidato cha tatu. Muhula ule nilisoma kwa kuazima.

Wiki ile ile nyanya yangu alipasua fenesi uani. Mimi kwa pupa nikatia mikono. Ulimbo ukaninasa vidole vyote. Nikakimbilia maji na sabuni, nikasugua mpaka ngozi ikawa nyekundu, na ulimbo uko pale pale. Nyanya akacheka. "Mume wangu," akaniambia, kwa ule utani wa nyanya na wajukuu wao, "maji hayaujui ulimbo. Njoo nikupake mafuta." Akanimiminia mafuta kidogo ya nazi viganjani, akaniambia nisugue taratibu. Ulimbo ukalegea, ukajikunja vipande vipande, nikaufuta kwa kitambaa. Ndipo nikaona kwamba mambo mawili niliyoyahitaji pale barabarani, yaani dawa inayofaa na subira, nyanya alikuwa nayo siku zote jikoni mwake.

TUYATENGANISHE MAJINA

Watu wengi wakiona kitu kinanata juu ya gari husema tu "utomvu". Lakini Kiswahili chetu ni tajiri kuliko hivyo, na kila jina lina dawa yake.

1. Utomvu. Hili ni jina la jumla la maji yanayotoka mtini ukikatwa au ukijeruhiwa. Mengine yote ya mti yaliyoko hapa chini ni aina za utomvu.

2. Gundi. Huu ni utomvu unaovimba na kulainika ukitiwa maji. Shina la mkorosho hutoa gundi, mwarobaini hutoa gundi, na migunga ya bara pia. Dawa ya gundi ni maji ya uvuguvugu na subira.

3. Ulimbo. Huu ni utomvu mzito wenye asili ya mpira, mara nyingi mweupe kama maziwa ukitoka. Mfenesi unao, mkuyu unao, mbungo pia. Watoto huutumia kunasia ndege. Maji hayaulainishi. Dawa yake ni mafuta.

4. Sandarusi. Huu ni utomvu wa msandarusi, mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Ukikauka huwa mgumu na wa manjano kama kioo. Utomvu wa jamii hii, kama ule wa misonobari ya bara, hauyeyuki katika maji. Ukiwa bado mbichi hulegezwa na spiriti.

5. Asali ya wadudu. Hii ndiyo inayowadanganya wengi. Vile vitone vidogo vidogo vinavyonyunyiza gari zima chini ya mwembe, mara nyingi si utomvu hata kidogo. Ni wadudu wadogo wanaofyonza majani, na kile wanachokitoa ni maji ya sukari. Yakikaa huota ukungu mweusi kama masizi. Dawa yake ni maji na sabuni tu. Ukileta petroli hapa umeleta panga kuua mbu.

6. Lami. Hii haitoki mtini. Lami ya barabara hutokana na mafuta ghafi ya ardhini: petroli, mafuta ya taa na dizeli zikishatolewa, masalio mazito meusi ndiyo lami. Kwa hiyo lami na mafuta ya taa ni ndugu wa tumbo moja. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

Ukitaka kujua una kitu gani mbele yako, fanya hivi. Lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu, kilaze juu ya doa kwa dakika 5 hadi 10. Kikilegea, ni gundi au asali ya wadudu. Kisipolegea, na si cheusi, ni ulimbo au utomvu wa jamii ya sandarusi. Kikiwa cheusi, kigumu, na kiko sehemu za chini za gari nyuma ya matairi, hiyo ni lami.

RANGI YA GARI NI KITU GANI?

Hapa ndipo nilipokosea mimi. Nilikijua nilichotaka kukitoa, lakini sikukijua nilichotaka kukiacha.

Rangi ya gari la kiwandani haikupakwa mara moja. Chini kabisa kuna bati. Juu ya bati kuna dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe unayoiona, na juu kabisa kuna vanishi angavu isiyo na rangi. Vanishi hii ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayokinga jua letu na chumvi ya bahari. Matabaka haya yote kwa pamoja mara nyingi hayazidi maikroni 150. Maikroni moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000. Vanishi peke yake ni kama maikroni 40 hadi 50, na unywele wako wa kichwani kwa kawaida ni mnene kuliko hapo! Sasa fikiria waya wa sufuria juu ya kitu chembamba kuliko unywele.

Tena kuna jambo litakalokushangaza: vanishi na utomvu ni watu wa ukoo mmoja. Katika karne ya 19 sandarusi ilikuwa bidhaa kubwa ya pwani hii. Ilichimbwa ardhini huko Mrima, mkabala wa Unguja, mahali ambapo misandarusi ya kale ilikuwa imedondosha utomvu wake ukazikwa na mchanga. Ilipelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hadi Salem, mji wa bandari wa Massachusetts, Marekani, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka wa 1833 baina ya Marekani na Seyyid Said. Huko ng'ambo iliyeyushwa katika mafuta ya kitani ikawa vanishi ya samani na ya magari ya kukokotwa na farasi. Ndiyo kusema utomvu wa mti wa kwetu ulikuwa mng'ao wa magari ya matajiri. Leo sisi tunahangaika kuutoa!

Magari ya injini yalipoanza, nayo yalipakwa rangi za mafuta na vanishi, na kuzikausha kulichukua siku nyingi, hata wiki kadhaa. Katika miaka ya 1920 kampuni ya DuPont ya Marekani ilitoa rangi ya nitroselulosi iliyoitwa Duco, na General Motors wakaitumia katika magari yao ya Oakland ya mwaka wa 1924. Rangi hiyo ilikauka upesi kwa sababu kimiminika chake huruka hewani na kuiacha rangi nyuma. Lakini ina udhaifu mmoja: ukiirudishia kimiminika kile, yaani thina, inayeyuka tena kama ilivyokuwa ndani ya kopo.

Vanishi ya kiwandani ya siku hizi ni tofauti. Hiyo hukauka kwa chembe zake kushikana zenyewe kwa zenyewe, kama nyuzi za wavu wa jarife zilivyofungwa mafundo. Mafuta ya taa au spiriti ikipita juu yake kwa dakika moja au mbili haifungui mafundo hayo. Ndiyo maana tunaweza kuyeyusha lami na kuiacha rangi.

Lakini tahadhari! Magari mengi ya huku kwetu yamekwisha kugongwa hapa na pale na kupakwa upya gerejini. Mlango mmoja unaweza kuwa na rangi ya kiwandani na wa pili una rangi ile ya kuyeyuka. Kwa hiyo jaribu kila upande kivyake, mahali pasipoonekana, kama ukingo wa chini wa mlango. Chovya kitambaa cheupe katika dawa yako, kigusishe kwa dakika moja, ufute. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, au pale mahali pakinata, acha mara moja, umwambie mwenye gari ampelekee fundi wa rangi. Si aibu kusema "hii siiwezi". Mimi ningesema hivyo, vitabu vyangu ningevinunua.

KANUNI: DAWA YA MOTO NI MOTO

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa kemia kisa cha fenesi, alisema kwamba nyanya alikuwa amefundisha somo la kemia. Vitu huyeyushwa na vya jamii yao. Sukari na gundi ni za jamii ya maji. Ulimbo na lami ni za jamii ya mafuta. Maji na mafuta hayapatani, basi maji hayawezi kumtoa ndugu wa mafuta.

Hata wajenzi wa barabara wanajua jambo hili. Kabla ya kuweka lami yenyewe, aghalabu hunyunyiza juu ya kifusi lami nyembamba iliyozimuliwa kwa mafuta ya taa, ili inywewe na ardhi. Wao huyatumia kuimimina lami barabarani, sisi tunayatumia kuitoa mlangoni. Wahenga waliposema dawa ya moto ni moto, hapa waligonga ndipo.

VIFAA

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza:

(a) Ndoo mbili za maji safi, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia.
(b) Sabuni ya kuoshea magari. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, huondoa nta yote.
(c) Vitambaa laini vya pamba, kama fulana kuukuu. Kata vifungo na zipu, hivyo pia hukwaruza.
(d) Mafuta ya nazi au ya kupikia, kidogo tu.
(e) Spiriti ile ya kusafishia vidonda.
(f) Mafuta ya taa, si zaidi ya kikombe kimoja cha chai.
(g) Nta ya gari.
(h) Glavu, au mifuko ya plastiki ya kuvaa mikononi ukikosa glavu.

Gari liwe kivulini na bati liwe baridi. Asubuhi na mapema au jioni ndio wakati mzuri. Bati likiwa moto dawa hukauka kabla haijafanya kazi, kisha huacha alama. Na usifanye kazi hii karibu na jiko, sigara wala moto wa aina yoyote. Mafuta ya taa na spiriti ni vitu vya kushika moto.

KUTOA UTOMVU

Hatua ya 1. Osha gari lote kwa maji na sabuni. Vumbi letu la Kwale lina chembe za mchanga, na mchanga chini ya kitambaa ni sawa na msasa. Usiruke hatua hii hata mwenye gari akikuharakisha.

Hatua ya 2. Laza kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu ya doa, kama nilivyoeleza. Gundi na asali ya wadudu zitatoka hapa hapa. Kazi imekwisha.

Hatua ya 3. Kama ni ulimbo, paka mafuta ya nazi kidogo, uache dakika 5 hadi 10. Kisha sukuma doa kwa kitambaa kuelekea upande mmoja. Usizungushe mkono, kuzunguka ndiko kunakoleta ile mikwaruzo ya duara. Rudia mara mbili au tatu.

Hatua ya 4. Utomvu wa jamii ya sandarusi ukikataa mafuta, tia spiriti kwenye kitambaa, wala usiimwage juu ya gari. Kigusishe kwenye doa kwa nusu dakika hivi, ufute, utazame. Rudia kidogo kidogo. Dawa kali ikikaa muda mrefu huanza kutafuta kazi nyingine.

Hatua ya 5. Osha mahali hapo tena kwa sabuni, usuuze, ukaushe, kisha upake nta.

Utomvu uliokaa wiki nyingi juani huweza kuwa umeshaila vanishi. Utautoa, lakini chini yake utaona kovu. Kovu halitolewi na mafuta. Hilo ni la fundi wa kusugua kwa polishi. Mwonyeshe mwenye gari kovu hilo mapema, asije akadhani ni wewe.

KUTOA LAMI

Hatua ya 1. Osha gari kama kawaida.

Hatua ya 2. Jaribu mafuta ya taa mahali pasipoonekana.

Hatua ya 3. Chovya kitambaa, ukikamue, ukilaze juu ya lami kwa dakika moja au mbili. Usisugue bado. Utaona weusi unaanza kuingia kitambaani wenyewe.

Hatua ya 4. Futa kuelekea upande mmoja, kunja kitambaa upate sehemu safi, ufute tena. Ukiendelea na sehemu ile ile chafu utakuwa unaisambaza lami, na changarawe ndogo zilizomo ndani yake zitakwaruza.

Hatua ya 5. Lami kuukuu itataka kurudiwa mara nne au tano. Irudie. Usichukue kisu, wembe wala kucha.

Hatua ya 6. Jiepushe na mipira ya madirisha na vipande vya plastiki, kwani mafuta ya taa huvivimbisha au kuvififisha.

Hatua ya 7. Osha kwa sabuni mpaka harufu iishe. Mafuta ya taa huacha utando unaovuta vumbi. Kisha paka nta, kwa sababu dawa iliyotoa lami imeondoa na nta ya zamani, na sasa rangi iko uchi.

Maji haya ya mwisho usiyaelekeze mtoni wala baharini. Mto Mkurumudzi humwaga maji yake katika ghuba ya Gazi, na pale wanakijiji wanailinda mikoko yao kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka wa 2013. Si vizuri sisi tung'arishe mlango wa gari halafu tuwachafulie kaa na samaki. Vitambaa vyenye mafuta vianike vimetandazwa nje, visirundikwe pamoja.

MAKOSA YANAYOFANYWA NA WENGI

Waya wa sufuria. Nimeshasema, wala sitaki kuukumbuka.

Mchanga wa pwani. Wako wanaochota mchanga mweupe wa Diani ati ni laini. Ni laini kwa nyayo zako, si kwa vanishi.

Petroli. Inatoa lami, ni kweli, lakini mvuke wake hushika moto kwa urahisi mno, hata kwa cheche ndogo tu. Mafuta ya taa hufanya kazi ile ile kwa hatari ndogo zaidi.

Thina. Hii ni ya fundi wa rangi. Kwa rangi iliyopakwa gerejini inaweza kuitoa mpaka bati.

Mafuta ya breki. Utamsikia dereva akisema, "Weka mafuta ya breki, lami itatoka mchezo mchezo." Itatoka, na rangi nayo itatoka. Hata likidondoka tone moja kwa bahati mbaya, lioshe papo hapo kwa maji mengi.

KINGA

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Ukikuta barabara inatiwa lami, iwe ni ile ya Likoni kwenda Lungalunga au njia za ndani kuelekea Kwale na Kinango, punguza mwendo. Ni matairi ndiyo yanayorusha lami, na yakizunguka pole pole hayarushi mbali. Paka nta kila baada ya miezi mitatu hivi, ili utomvu uishike nta badala ya kushika rangi. Tunda la bibo likikuangukia bati, lioshe siku ile ile, maana maji yake yana uchachu na doa lake tunalijua sote kwenye mashati yetu. Na kuhusu kivuli, wengine husema bora uegeshe chini ya mnazi, kwa kuwa mnazi haudondoshi utomvu. Ni kweli. Lakini nazi ikidondoka, hapo hutatafuta mafuta ya taa, utatafuta kioo kipya!

ZOEZI

1. Eleza tofauti iliyopo kati ya gundi, ulimbo na sandarusi. Taja mti mmoja kwa kila aina.
2. Kwa nini maji na sabuni haviwezi kutoa ulimbo wa fenesi?
3. "Vanishi na utomvu ni watu wa ukoo mmoja." Fafanua usemi huu ukirejelea biashara ya karne ya 19.
4. Gari limepakwa upya mlango mmoja tu. Utalijaribuje kabla ya kutia mafuta ya taa?
5. Tunga sentensi ukitumia vitenzi hivi: kunata, kulegea, kuyeyuka, kukwaruza, kung'aa.

TAMATI

Ndugu msomaji, Desemba iliyofuata yule mzee wa teksi ya buluu alipita tena pale tulipokuwa tukioshea magari. Nilitaka kujificha. Akasimama, akateremka, akanionyesha boneti: vitone vya mwembe tele. "Safari hii utafanyaje?" akaniuliza. Nikamwambia, "Mzee, kwanza nitaosha, halafu nitaweka kitambaa cha maji ya moto kidogo, halafu tungoje." Akaketi kwenye jiwe, akangoja. Ilikuwa asali ya wadudu tu, ikatoka yote kwa maji. Alinilipa, akaondoka bila neno. Lakini wiki iliyofuata alirudi, na safari hiyo alikuja na mwenzake.

Kwa hayo machache naomba kukomea hapa. Kiswahili kitukuzwe!